Kipande cha Tatu

Fyuu. Kimya. Kisha fyuu tena, mara mbili, nyuma ya migomba.

Nilisimama katikati ya njia, baiskeli imeniegemea kiunoni. Nilidhani kuna mtoto anachapwa, nikangoja kilio. Kilio hakikuja. Na tena, fimbo ya mti wa kahawa hailii hivyo, wala henzirani ya mwalimu. Zile zina sauti nene, huikata hewa kama panga butu. Hii ilikuwa nyembamba, na mwishoni ilitetema, kama uzi uliovutwa ukaachiwa.

Niliiacha njia nikaingia migombani na baiskeli yangu.

Siku hiyo nilikuwa kijijini Matwebe kununua vitu vya kale. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, na kila mtu alikuwa anauza kitu. Kahawa ilianza kununuliwa na watu binafsi waliokuja na mizani yao, mitumba ilishushwa Tukuyu kwa marobota, na mimi Jotham, niliyemaliza darasa la saba nikiwa wa kwanza na bado nisichaguliwe, nilizunguka vijijini na gunia nikiuliza: kuna saa ya ukutani iliyokufa? Kuna taa ya karabai? Kuna gramafoni? Watu walinicheka. Niliwaacha wacheke. Anayekucheka hukuuzia kwa bei nafuu.

Lakini mwezi ule nilikuwa natafuta kitu kimoja tu. Mzungu mmoja mzee, Bwana Pollard, aliyewahi kuwa fundi wa mitambo ya chai huku kwetu, alikuwa amerudi kutembea. Alifikia Mbeya, na kila Jumamosi alikuja Tukuyu na kusimama mbele ya turubai langu. Alitaka fimbo ya kuvulia samaki, ya mwanzi, ya zamani, kama zile walizotumia wenye mashamba walipovua trauti, samaki waliopandwa na Wazungu katika mito yetu ya baridi. Alinichorea kwenye karatasi ya pakiti ya sigara. Si mwanzi mzima, alisema. Ni vijiti sita vya mwanzi vilivyochongwa pembe tatu na kushikanishwa kwa gundi, hata ukiipapasa umefumba macho vidole vitahesabu pande sita. Inagawanyika vipande vitatu vyenye urefu mmoja. Viungo ni vya chuma cheupe, vipete vya kupitishia uzi vimefungwa kwa nyuzi za hariri, na jina la fundi limeandikwa kwa wino juu ya mpini.

"Ikikosa kipande kimoja," alisema, "usiniletee. Ni kuni."

Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Na bei aliyotaja ingeniinua kutoka chini nilikotandaza vitu vyangu, ikaniweka ndani ya kibanda chenye mlango na kufuli.

Nyuma ya migomba palikuwa na ua wenye nyumba mbili. Kubwa iliipa mgongo ile ndogo, na katikati yao kulikuwa na jiko. Mwanamke wa miaka kama thelathini alikaa kwenye kigoda pembeni mwa mkeka wa ulezi uliokuwa unakauka. Kuku walinyemelea. Aliinua mkono, na fimbo ikalia, fyuu, wakatawanyika.

"Hodi, dada."

"Karibu. Kama unauza sabuni, sina hela. Kama unahubiri, nimeokoka kabla yako."

"Nanunua vitu vya zamani."

"Basi nunua hawa kuku. Hakuna kitu cha zamani kama tamaa yao."

Niliomba kuishika ile fimbo. Ilikuwa nyeusi kwa masizi, laini kwa mafuta. Nilijifanya natazama ulezi huku kidole gumba kikitembea: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kwenye ncha kulikuwa na kipete kidogo, na ndani yake jiwe la rangi ya asali, mahali pa kupitisha uzi. Upande wa pili kulikuwa na jino la chuma cheupe, la kuchomekwa ndani ya kitu kingine.

Nilikaza uso usionisaliti.

"Hii umekata mti gani?"

"Sikuikata. Nilipobomoa jiko la zamani mwaka juzi niliikuta juu kabisa, kwenye uchanja wa moshi, kule marehemu mama mkwe alikokuwa anakaushia vitu. Nikaipaka mafuta. Ni nyepesi, haichoshi mkono."

"Na wenzake?"

"Wenzake nani? Fimbo ni fimbo, mdogo wangu."

Mtu alikohoa ndani ya nyumba kubwa. Kabla sijaelewa, yule dada alikwisha kuvuta kanga usoni, ameinama, ametoweka nyuma ya jiko. Mzee mmoja mrefu alijitokeza pembeni mwa nyumba, akasimama ametugeuzia mgongo, akautazama mlima kama mtu aliyeutuma kitu ukachelewa, akakohoa tena, akarudi alikotoka. Ndipo dada akarudi kigodani.

Mimi ni Mnyakyusa, sikuhitaji kuelezwa. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Hamtaji jina, hapiti njia yake, hakai naye penye moto mmoja. Naye mzee huko aliko anafanya vilevile: akisikia nyayo za mkwewe hugeuza uso. Mjini wengi wameacha, na wachungaji wameshasema sana, lakini pale miiko ilikuwa bado imesimama kama boma.

"Ni mzee Hezron?" niliuliza, maana jina hilo nililisikia njiani.

"Umesema wewe. Mimi siwezi." Alinong'ona. "Ni baba wa mume wangu."

"Mume yuko wapi?"

"Obed? Chunya, kwenye mashimo ya dhahabu. Mwaka wa nne huu. Baba yake alimwita mwizi mbele ya wajomba zake. Akafunga nguo."

"Mwizi wa nini?"

"Hakuniambia. Alisema tu, baba ameniita mwizi, sikai. Nadhani ni pesa za kahawa." Alinyoosha kidevu kuelekea nyumba kubwa. "Nitamwuliza nani? Yeye?"

Sikulisikia hilo kwa moyo. Nililisikia kwa masikio tu, kwa sababu moyo ulikuwa kwenye fimbo. Nilimpa miche miwili ya sabuni na nusu kilo ya sukari, nikamkatia ufito wa mpera mrefu kuliko ile yake. Aliujaribu kwa jogoo mmoja, akasema utafaa. Aliniita mjinga kwa upole. Jina lake lilikuwa Tupokigwe, na alinikaribisha nipite tena nikiwa na sabuni nyingine.

Niliifunga ncha ndani ya gunia, gunia nikalilaza kwenye kiti cha baiskeli, nikazunguka kwa mbele. Ncha haizaliwi peke yake. Mwili wake ulikuwa karibu.

Mzee Hezron alikuwa kibarazani. Nililiegemeza gunia ukutani, hatua tatu kutoka kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndaga, asante kwa kupita. Wewe ndiye unayenunua vitu vilivyokufa?"

"Na vilivyo hai, nikivipata."

Alicheka. Nilipomtajia fimbo ya kuvulia hakucheka tena. Aliingia ndani, akakaa sana huko, akatoka na mfuko mrefu wa kitambaa uliofifia. Alifungua kamba zake polepole. Kipande cha chini kilikuwa na mpini wa gome jepesi, lile la vizibo vya chupa, uliong'aa kwa jasho la mikono, na juu yake maandishi ya wino, membamba, yaliyofifia lakini yakisomeka. Kipande cha kati kilikuwa na nyuzi za hariri za kijani. Mifuko ya ndani ilikuwa mitatu. Wa tatu ulikuwa mtupu.

Alinieleza kuwa alikuwa mlinzi wa mto. Miaka kumi na moja alitembea kingo za Kiwira kuhesabu samaki na kufukuza wezi wa samaki, na bwana wake alipoondoka nchini alimwachia fimbo ile badala ya maneno mengi.

"Na cha tatu?" niliuliza, nikiwa najua.

"Cha tatu kiliibwa. Aliyeiba ni mwanangu."

Nilitazama chini.

"Mwezi ule mama yake alipokufa nilifungua mfuko, nikakuta hakuna. Obed alikuwa anatafuta mtaji. Nani mwingine angekichukua? Nilimwuliza mbele ya wajomba zake. Hakunijibu, alinitazama tu. Asubuhi hakuwapo." Alikunja mfuko mtupu, akaukunjua. "Wakati mwingine ninaisikia. Nimekaa hapa, ninaisikia inakata upepo kama ninavyoirusha mtoni. Masikio ya mzee, mwanangu. Yanaota mchana."

Gunia lilikuwa pale. Ulimi ulikuwa wangu. Sikuutumia.

Badala yake nilisema, "Viwili bila cha tatu ni kuni, baba."

"Ni kweli. Nipe chochote. Kila nikiviona namwona yeye."

Nilimpa chochote.

Njia ya kurudi Tukuyu niliikanyaga kwa hasira, na sikujua nakasirikia nani. Nilijiambia maneno mengi. Wazungu walikuwa wengi huku, fimbo zao zilikuwa nyingi. Nani kasema ncha ya jikoni na mwili wa kibarazani ni vya mama mmoja? Huenda ya mzee iliibwa kweli, na hii ni nyingine iliyookotwa. Nilijiambia hivyo kwenye kila mlima, na kila mteremko ukaninyang'anya.

Kesho yake niliipeleka kwa Zuber. Zuber ni fundi redio, ana chumba kimoja mtaa wa Bagamoyo na kioo cha kukuzia anachokipachika jichoni kama saa iliyokosea mahali. Tulitandaza gazeti mezani, tukafuta masizi ya ncha kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa kidogo. Mwanzi ukatoka chini yake, wa rangi ya chai isiyo na maziwa. Nyuzi zake zilikuwa za kijani.

"Chomeka," Zuber alisema.

Jino liliingia tunduni bila kusukumwa, likakaa. Niliinua fimbo nzima. Haikucheza popote.

"Kuna kitu hapa." Zuber aliinamisha kile kioo chake. "Kwenye chuma. Nne, moja, saba." Akageuza chuma cha kipande cha pili. "Nne, moja, saba." Akageuza cha mwisho karibu na mpini. "Kumbe fundi alikuwa anaandika watoto wake. Vyote vitatu namba moja. Mzungu wako akikataa hii, mpeleke hospitali ya macho."

Niliiweka mezani.

"Hongera, tajiri. Sasa una kibanda. Nitakuja kukopa misumari."

Nilikwenda mlangoni, nikarudi. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Chumba chake kina hatua nne, nilizimaliza mara nyingi.

"Mbona unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza huku anafunga nyuma ya redio ya mtu.

"Mwanamke ulimlipa?"

"Nilimlipa."

"Mzee je?"

"Nilimlipa."

"Basi ni halali yako. Mambo ya mtu na mwanawe waachie wenyewe."

"Wenyewe hawawezi kuambiana, Zuber. Yule dada ameishika kila siku miaka miwili, hatua ishirini kutoka kwa mzee, na mzee hawezi kumtazama mkono. Anayejua pande zote mbili ni mimi peke yangu."

"Basi jua na unyamaze. Wengi wanajua mambo."

"Usiniite mwizi."

Zuber aliweka bisibisi chini. "Nani kakuita?"

Hakuna aliyeniita. Hapo ndipo paliponichoma. Obed aliitwa mwizi hakuiba, akahama kwao. Mimi hakuna aliyenisema, nikawa chumbani kwa rafiki yangu nikipongezwa. Nilikuwa nimezoea kujiona mtu ambaye hakuna wa kumfundisha adabu. Niliichomoa fimbo viungo vyake, nikavirudisha mfukoni, kila kipande kwenye mfuko wake. Safari hii hakuna mfuko uliobaki mtupu.

"Jumamosi je?" Zuber aliuliza.

"Sijui."

"Wewe hujui kitu? Leo nimeona makubwa."

Ijumaa asubuhi nilifika Matwebe nimelowa mpaka mifupa. Mzee Hezron alikuwa kibarazani. Sikuketi. Nilimwekea mfuko magotini nikasema, "Fungua, baba."

Alifungua. Alipofika mfuko wa tatu mikono yake ilisimama. Aliitoa ncha, akaizungusha, akaweka ukucha wake juu ya chuma kama kipofu.

"Mia nne kumi na saba," alisema, bila kusoma. "Umeitoa wapi?"

Hapa niliogopa. Nikisema neno moja vibaya, mwizi atakuwa mkwe badala ya mwana.

"Ilikuwa jikoni, baba. Juu ya moshi. Ilikutwa jiko la zamani lilipobomolewa. Aliyeikuta hakujua ni nini."

"Na nani aliipandisha huko?"

Mtu alikohoa nyuma ya pembe ya jiko, iliyochungulia pembeni mwa nyumba kubwa. Niliona ncha ya kanga tu. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Mzee naye akageuza uso kuelekea mlima.

"Nyie kuku," Tupokigwe alisema, kwa sauti ya kutosha kuku wa kijiji kizima, "sikieni. Marehemu mama alikuwa hapandishi kitu juu ya moshi ila kilicholowa. Ungo ukilowa, juu. Kamba ikilowa, juu. Mimi nilikuta fimbo, nikafikiri fimbo. Ningejua ni ya mtu, ningeilaza kwenye majani makavu kama yai."

"Mwulize huyo anayesema na kuku," mzee aliniambia, "aliikuta upande gani."

"Anauliza uliikuta upande gani."

"Mwambie mlangoni, chini ya ungo mkuukuu."

"Anasema mlangoni, chini ya ungo mkuukuu."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Mvua ilikuwa imepungua, paa lilikuwa linadondosha. Kisha mabega yake yakashuka, nikaona kuna kitu kinamjia kutoka mbali na hakitaki kuzuiwa. "Ungo mkuukuu. Nilitoka mtoni nimenyeshewa. Mama yake Obed akaniambia, mwanzi ukilala na maji utaoza. Mfuko ulikuwa umelowa upande wa ncha tu. Nilimpa ncha aikaushe." Aliinua mkono wa kulia akautazama. "Nilimpa kwa mkono huu. Siku ya tisa tulimzika. Sikukumbuka tena. Sikukumbuka hata nilipokuwa namwuliza mtoto."

Nyuma ya jiko hakuna aliyesema na kuku.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Nilishika usukani wa baiskeli. Mzee akasema, "Kijana. Juzi ulipokaa hapa, ncha ilikuwa wapi?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, wote wazuri.

"Ndani ya gunia," nilisema. "Pale ukutani."

Alipatazama. Alipima ile nafasi kwa macho, kutoka ukutani mpaka kwenye kigoda chake.

"Nilikueleza habari za mwanangu, nayo iko pale."

"Ndiyo, baba."

"Ukasema viwili ni kuni."

"Nilisema."

Nilitaka anitukane, nimjibu. Hakunitukana.

"Kuna neno ningekuita," alisema. "Lakini nililitumia siku moja, likaninyang'anya mtoto. Sina tena haki nalo." Akaiinua ncha. "Nani atamwambia Obed? Miguu hii hainifikishi hata Tukuyu."

"Tutaandika barua, baba. Mimi naandika vizuri."

"Barua ya baba aliyekuita mwizi unaichana kabla hujaifungua. Na ikisema kwamba fimbo imeonekana, atasema ninamtafutia mtego." Alininyooshea ncha. "Hii ataijua. Amekua anaigusa na kupigwa kofi. Mwenye kuipeleka awe yule aliyeitoa hapa kimya kimya, akaseme mwenyewe kwa kinywa. Lori la kwenda Makongolosi, huko machimboni Chunya, linatoka Mbeya Jumamosi. Likikupita, ni wiki nyingine, na mimi sina wiki za kuchezea."

Jumamosi. Nilimwona Bwana Pollard amesimama mbele ya mahali patupu penye alama ya turubai langu, anatazama saa, anaondoka zake. Niliona mlango wa kibanda, na kufuli, mpya, ambayo sijawahi kuishika. Niliitazama fimbo magotini mwa mzee, nikajua pia kwamba hata nikibaki haitauzwa tena.

"Nyie kuku," Tupokigwe alisema, na sasa sauti yake haikuwa na mchezo, "mwulizeni huyo kijana wa sabuni. Atakwenda, au ni maneno ya biashara?"

Kuna watu hunishtaki kwa kiburi. Hawajakosea. Lakini kiburi hakinipeleki siku zote mahali pabaya. Niliipokea ncha kwa mikono miwili, nikaiacha baiskeli ianguke, nikatoka kibarazani mpaka katikati ya ua, mahali ambapo nyumba zote mbili zingenisikia na hakuna ambaye angelazimika kumtazama mwenzake.

"Dada Tupokigwe," nikaiambia pembe ya jiko, "kesho alfajiri napanda basi la Mbeya, na hilo lori halinipiti. Nitamtafuta Obed shimo kwa shimo. Nitampa ncha hii mkononi, mbele ya watu anaofanya nao kazi, nitamwambia baba yake amekumbuka aliiweka wapi, na nitamwambia kwamba aliyeificha juzi ndani ya gunia ni mimi. Akikataa kuja siku hiyo nitalala palepale alipo, na kesho yake nitamwambia tena, na keshokutwa, mpaka achoke kunisikia apande gari nami."